Mzimu wa Mikindani Hauuawi kwa Dadu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Masasi aliyetaka kujua namna ya kugeuza vinyago vya Kimakonde vya mashetani kuwa maadui katika mchezo wa mezani wa kuigiza, ule ambao kila mchezaji hubeba mhusika wake na mwongozaji akasimulia yanayowakuta. Swali lake lilinigusa, kwa sababu jambo hilo hilo nililifanya miaka sita iliyopita na hadi leo nalijutia.

Bibi yangu, mzaliwa wa Mikindani, alituhadithia habari za mwanamke anayetwanga usiku ndani ya gofu la nyumba ya mawe. Anayepita hapo, alisema, asiulize kinachotwangwa, bali apige hodi mara tatu na kushika njia yake. Mlio wa mchi haumdhuru mtu. Ukinyamaza ghafla, ujue mwenye kinu amekusikia. Nami kwa kiburi cha ujana nilimchukua mwanamke huyo nikamtia katika kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974, nikampa pointi 60 za uhai, kinga dhidi ya mapanga na udhaifu mbele ya moto. Rafiki zangu wanne walimmaliza kabla ya nusu saa kupita, wakapongezana, na mmoja akauliza kama alikuwa na dhahabu.

Mama mdogo alikuwa barazani akibangua korosho, na alisikia yote. Aliingia na vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda, akaitazama ramani niliyoichora kwa chaki juu ya meza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule ana kwao." Hakunigombeza. Lakini tangu usiku ule, kila nilipomwomba hadithi alinijibu kwamba amesahau, na ulipita mwaka mzima kabla hajanisimulia nyingine. Nahisi zipo ambazo hatanipa kamwe, na hilo linaniuma.

Ndipo nilipoelewa kwamba hadithi zetu huja na kanuni zake, na kazi ya mtunzi ni kuzisikiliza. Dadu za pande 20 zinazorushwa katika mchezo ule sikuwahi kuziona katika duka lolote la Mtwara, nami nilizokuwa nazo niliziweka kando. Badala yake niliweka komwe 30 ndani ya kifuu cha nazi, za aina ile ile tunayochezea bao. Wakati wote wahusika wakiwa ndani ya gofu, nagonga meza polepole kwa kifundo cha kidole, kama mchi. Kila anayegusa kitu, anayeuliza au anayekimbia hutoa komwe moja; anayepiga hodi hurudisha tatu. Komwe zikiisha, naacha kugonga. Mwanamke yule hana pointi za uhai tena, na ushindi ni kutambua anamtwangia nani na kutoka salama. Mwezi uliopita, huku Shangani, Mtwara, mkono wangu ulipotulia juu ya meza, wachezaji saba waliacha hata kujipepea, na nakiri kwa fahari kwamba sijawahi kuongoza usiku mzuri kuliko huo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Masasi, usianze na umbo la kinyago. Mwendee aliyekichonga, umuulize shetani huyo anakaa wapi, anapenda nini na mwiko wake ni upi, kwa maana mwiko ndio kanuni yako ya kwanza. Yaliyo ya jando na unyago, pamoja na siri za ngoma ya mapiko, ile ya barakoa za Kimakonde, yaache kwa wenyewe, hata ukisifiwa kwa kuyaweka mezani. Na uulize kabla ya kuandika, si baada ya kuandika kama nilivyofanya mimi. Vijana wa Kusini tumezoea kuamini kwamba cha kutisha hutoka ng'ambo, huku wazee wetu wakizeeka bila kuulizwa neno. Uliza, kisha uulize tena.

Usiku ule wa Shangani mama mdogo alikuja, akaketi mkekani karibu na mlango. Mchezaji mmoja alipopiga hodi akiwa tayari ameingia gofuni, alinyanyua mkono kutuzuia, akasema kwamba hodi hupigwa mtu akiwa nje ya kizingiti, na ya ndani haihesabiwi. Nimekwisha kuiandika katika kanuni.