Kisintesaiza kinachokula umeme wa waya wa MIDI: kwa nini kinazima

Kaka wa Ngamiani, nimekuelewa: kisintesaiza chako (chombo kidogo cha kuunda sauti kwa umeme) kisicho na betri kinalia vizuri kwenye kinanda cha zamani cha kikundi cha taarabu, ukikichomeka kwenye kinanda chako kipya kinakoroma kisha kinazima. Sidhani kimeharibika. Kina njaa ya umeme.

MIDI, mfumo wa vyombo vya muziki kupeana maelezo ya noti kwa waya, ilipotoka 1983 ilikusudiwa kupeleka data, si kulisha kifaa. Pini 4 ya tundu la OUT (la kutolea data) hutoa volti 5 kupitia rezista, kipande kinachobana umeme, ya omu 220. Ukivuta miliampea 5 tu, volti 1.1 zinaishia kwenye rezista, kifaa kinapata 3.9. Vinanda vingi vya siku hizi huanzia volti 3.3 badala ya 5. Hapo lazima kiyumbe.

Chomoa waya, pima pini 4 na 2 kwa malti-mita. Ukikuta 3.3, tafuta kisanduku cha THRU (kinachopokea data ya MIDI na kuipitisha mbele) chenye adapta yake na kinachotoa volti 5, ukiweke katikati. Ukikuta 5, safisha pini kwanza; chumvi ya pwani yetu haina huruma.

Sauti ipeleke kwenye miksa, usichomeke spika moja kwa moja. Rezista usiiguse, na kinanda cha umeme wa ukutani afungue fundi.