Uchemshe maji ya kimea kwa dakika ngapi? Inategemea unaishi juu kiasi gani

Jibu fupi ni saa moja. Kama unapika lita 20 za bia ya kawaida na unaishi Dar, Mombasa au mji wowote wa pwani, chemsha dakika 60 na usijisumbue kusoma zaidi. Mimi naishi Denver, Marekani, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku saa moja ya kwenye mapishi si saa moja ya kwenye sufuria.

Maji hapa huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Arusha nako ni karibu hapohapo, na Nairobi ni nyuzi 94. Ukitazama kwa macho huoni tofauti: yanatokota, mvuke unapanda, povu linakimbilia mdomoni mwa sufuria. Ila joto ni pungufu, na hata ukifungulia gesi mpaka mwisho halitaongezeka. Utakachopata ni mvuke mwingi tu. Sasa mapishi mengi tunayoyatoa mtandaoni hayasemi chochote kuhusu mwinuko, kana kwamba kila mtu anapikia ufukweni.

Kabla ya kurekebisha dakika, ujue zinafanya kazi gani. Kuua vijidudu hakuhitaji saa nzima, dakika chache zinatosha. Kusimamisha vimeng'enya vya kimea vilivyokuwa vikigeuza wanga kuwa sukari, hivyohivyo. Protini nazo huanza kugandamana mapema, utaviona vipande vikielea kama mayai ya kuvuruga, na kuanzia hapo hatari ya kufurika hupungua. Mambo yanayodai muda hasa ni mawili: uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kuipa bia uchungu), na harufu fulani ambayo hutaki iingie kwenye bia yako.

Nianze na uchungu, maana ndio rahisi. Asidi za alfa zilizomo ndani ya hopsi haziyeyuki vizuri kwenye maji mpaka zibadilike umbo kwa joto, na kubadilika huko kunakwenda polepole. Programu nyingi za kupigia hesabu za bia hutumia fomula ya Tinseth. Kwa fomula hiyo, ukichukulia uchungu wa dakika 60 kuwa 100, robo saa inakupa 50, nusu saa inakupa 77, na dakika 90 zinakupa 107 tu. Angalia hiyo ya mwisho. Nusu saa nzima ya gesi kwa ajili ya saba! Kwa hiyo anayekwambia uchemshe dakika 90 ili bia iwe chungu anakuchomea mtungi bure. Ongeza hopsi.

Huku kwenye mwinuko dawa ni hiyohiyo. Kwenye nyuzi 95 mabadiliko ya asidi hizo hupungua kasi kwa karibu theluthi moja, lakini kwa kuwa kazi kubwa hufanyika mwanzoni, mwisho wa saa moja hupotezi theluthi ya uchungu. Unapoteza kama asilimia 13. Mimi kwa kila gramu 30 za hopsi za mwanzo naongeza 4 au 5, basi. Zile za dakika za mwisho, za harufu, sizigusi.

Harufu ndiyo ngumu, kwa sababu hiyo huwezi kuinunulia dawa dukani. Kimea cha shayiri kina kitu kinachoitwa SMM kwa kifupi, ambacho kikipata moto huvunjika na kutoa DMS, yaani dimethili salfaidi. Hiyo inanukia mahindi yaliyochemshwa, au kabichi iliyokaa jikoni. DMS yenyewe ni rahisi kuifukuza, maana huchemka kwenye nyuzi 37 tu na mvuke unaiondoa mara moja. Tatizo ni kwamba inaendelea kuzaliwa muda wote SMM ikiwepo. Kwenye nyuzi 100 nusu ya SMM huvunjika kwa kama dakika 40. Kwenye nyuzi 95 nusu hiyo inakula zaidi ya saa moja.

Hapa aina ya kimea ndiyo inayoamua. Kimea cha pilsner, kile cheupe kabisa, hukaushwa kwa joto dogo, hivyo SMM yake nyingi bado imo. Kimea cha eli, ile bia inayochachuka bila baridi, hukaushwa kwa moto zaidi na sehemu kubwa imeshaondokea kiwandani. Kwa hiyo kwa kimea cha eli, hapa Denver nachemsha dakika 60 na kuongeza hopsi, sina wasiwasi. Kwa pilsner nachemsha 90, na sisogei hapo hata mgeni akiwa mlangoni. Shemeji yangu wa Nairobi aliniuliza WhatsApp kama apunguze iwe 60 kwa laga yake ya pilsner ili aokoe gesi. Nilimwambia apunguze kwingine. Wapo wapishi wanaochemsha pilsner nusu saa na hawanusi kitu, na siwabishii: vimea vya siku hizi ni vizuri, na hewa inayotoka wakati wa kuchachuka huondoka na sehemu ya DMS. Lakini wengi wao wako chini tambarare, na laga inachachuka kwenye baridi, haisukumi hewa kwa nguvu kama eli. Huko juu milimani mimi nisingejaribu bahati.

Kama unatumia kimea cha unga au cha maji mazito ya mkebe, mambo ni mepesi. Kimeshapikwa kiwandani. Chemsha nusu saa, ukifidia uchungu kwa hopsi kama nilivyosema.

Halafu kuna wanaochemsha kwa makusudi saa tatu, nne. Kule Voss, magharibi mwa Norway, wapishi wa mashambani huchemsha bia yao kwa saa kadhaa mpaka iwe nyekundu ya kahawia, na hawako mbali sana na wenzao wa Hornindal ambao hawaichemshi kabisa. Zote bia. Muda mrefu hupunguza maji, hukoleza rangi, huleta ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Bibi yangu kule Marangu alichemsha ndizi za mbege saa nyingi mpaka zibadilike rangi, uchungu akautoa kwenye magome ya msesewe, na sikumbuki hata siku moja akitazama saa. Alikuwa anatazama sufuria. Ila kama unafuata mapishi yenye vipimo, muda mrefu unaharibu hesabu: maji yanapungua na utamu unapanda.

Hilo lina hesabu yake, na ni jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Pima sufuria yako inapoteza lita ngapi kwa saa. Yangu, kwenye jiko la gesi la nje, hupoteza kama lita 4. Kwa hiyo nikitaka kubaki na lita 22 baada ya saa moja naanza na 26. Kwa dakika 90 naanza na 28. Kipimo cha uzito, kile kinachoonyesha sukari iliyomo, kikisoma 1.040 mwanzoni kwenye lita 26, zikibaki 22 kitasoma 1.047, kwa sababu sukari ni ileile na maji yamepungua. Ukiamua katikati ya kazi kuongeza nusu saa bila kuongeza maji, usishangae bia ikiwa kali kuliko ulivyopanga.

Dakika uzihesabu kuanzia lini? Povu la kwanza likishatulia na maji yakishatokota vizuri katikati, sio ulipowasha jiko. Dakika hizo za mwanzo kaa palepale, na chupa ya kunyunyizia maji baridi mkononi. Hopsi za vidonge nazo huamsha povu, tia kidogo kidogo.

Mfuniko weka mbali. Najua mvuke unasumbua. Mama watoto alishanifukuza jikoni na sufuria yangu, na alikuwa na haki, lita nne za maji zikienda ukutani si mchezo. Lakini ukifunika, DMS inapanda, inagonga mfuniko, inadondoka tena ndani. Kapikie nje. Na nikisema nje nina maana nje, sio ndani ya gereji iliyofungwa: majiko makubwa ya gesi hutoa kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Ukizima moto bado DMS haijakuachia. Maji yakiwa moto bila kuchemka, SMM iliyobaki inaendelea kuvunjika na hakuna mvuke wa kuiondoa, kwa hiyo dakika 90 za uvumilivu zinaweza kuliwa na saa moja ya kuacha sufuria ipoe yenyewe. Poza haraka. Natumia koili ya shaba, naitumbukiza dakika 15 kabla ya kuzima ili nayo isafishwe na moto, kisha napitisha maji ya bomba. Majira ya joto maji ya bomba hapa huwa vuguvugu, hivyo nikifika nyuzi 35 au 30 nahamishia sufuria kwenye beseni la barafu na kukoroga taratibu mpaka ifikie nyuzi 20, ndipo natia hamira.