Mng'ao umeporomoka: seli zimekufa au rangi imechujuka?

Swali: Habari, Daktari. Nasomea shahada ya uzamili hapa Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na nafanyia utafiti tiba ya saratani inayotumia dawa inayoamshwa na mwanga. Nakuza seli za saratani kwenye sahani, nazipa dawa ya 5-ALA (asidi ya aminolevulini), kisha naziangazia kwa LED nyekundu. Ndani yake nimeingiza chembe nano zenye rangi ya kijani iliyozimwa, ambayo huwaka kimeng'enya cha kaspesi-3 kikikata uzi unaoishikilia, yaani seli inapoanza kufa. Nikiwasha LED, mng'ao hupanda ndani ya dakika mbili, halafu huporomoka. Msimamizi wangu anasema tiba imefaulu. Mimi nasita. Nani yuko sahihi?

Jibu: Una sababu ya kusita, dada, ila usiende kumwambia msimamizi wako kwamba amekosea. Huenda seli zimekufa kweli. Tatizo ni kwamba grafu hiyo haiwezi kuthibitisha.

Tazama saa kwanza. Seli hutumia 5-ALA kutengeneza PpIX (protopofirini IX), kemikali inayoamshwa na mwanga. Mwanga ukiipiga, PpIX huipa oksijeni nishati, nayo hugeuka kuwa oksijeni singleti, kitu kikali kinachounguza kilicho jirani na kuisha kabla hakijavuka hata upana wa seli moja. Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zikijeruhiwa ndipo seli huanza safari ya kujiua, na kaspesi-3 huamka mwishoni mwa safari hiyo: makumi ya dakika, mara nyingi saa kadhaa. Dakika mbili ni mapema mno. Mshukiwa wangu ni oksijeni singleti yenyewe. Imekata ule uzi, au imeharibu kizimaji, yaani kitu kilichowekwa kando ya rangi kuizuia isiwake, na chembe ikawaka bila kaspesi kuigusa.

Kuporomoka nako kuna maelezo zaidi ya moja. Rangi huchujuka chini ya mwanga kama kanga iliyoachwa juani. Lakini pia seli iliyokufa utando wake hutoboka, rangi ikavujia kwenye maji ya sahani. Kwa hiyo tiba ikifaulu mng'ao hushuka, na tiba isipofaulu mng'ao unaweza kushuka vilevile.

Tengeneza sahani nne. Ya kwanza ipate kila kitu. Ya pili ipate mwanga na chembe bila 5-ALA. Ya tatu ipate 5-ALA na chembe, ikae gizani. Ya nne iwe kama ya kwanza, lakini uongeze kizuizi cha kaspesi-3. Ikiwa ya nne inawaka ndani ya dakika mbili sawa na ya kwanza, basi hukuwa unapima kaspesi. Sahani ya gizani usiidharau: mwaka 1900 huko Munich, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab aliripoti kwamba rangi ya akridini iliua vijidudu vya paramesia kwa kasi zaidi kwenye mwanga. Tiba nzima hii imetokana na kulinganisha mwanga na giza.

Kisha ipe chembe rangi ya pili isiyojali kaspesi, usome uwiano wa rangi mbili badala ya kijani peke yake. Usichague nyekundu, maana PpIX nayo hung'aa nyekundu, kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 635, na itakuvurugia hesabu. Jaribu rangi hizo mbili bila seli kwanza. Zikichujuka kwa kasi tofauti, uwiano nao utadanganya.

Kuna mtego mwingine. Mwanga wa bluu unaousomea kijani nao huiamsha PpIX, hivyo kila picha ni dozi ndogo ya tiba. Piga picha chache, fupi, na uzime LED unapopiga. Na kule kuchujuka kwa PpIX usikupuuze: kwa sehemu kubwa huletwa na oksijeni singleti, kwa hiyo kasi yake inakudokeza ni kiasi gani kimetengenezwa.

Hiyo LED, kama ni ya Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi (sina ubaya nazo, zangu zimetoka huko), usiamini kilichoandikwa kwenye boksi. Pima nguvu yake pale sahani inapokaa, mwanzoni na tena ikishapata joto, kwa kuwa hufifia. Miliwati 20 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde 500 ni jouli 10 kwa sentimita ya mraba. Ikififia nusu, umetoa dozi nyingine kabisa.

Baada ya saa 24, hesabu seli zilizokufa kwa njia isiyotegemea chembe zako, kwa mfano rangi ya propidiamu iodaidi, inayoingia tu kwenye seli zilizotoboka utando. Usishtuke ukikuta seli zimekufa na kaspesi iko kimya. Mwanga ukiwa mkali sana seli hupasuka tu, haipati nafasi ya kujiua kwa utaratibu.

Mimi ningeanza na sahani ya nne, kabla ya kutumia shilingi kwa rangi ya pili. Kizuizi ni ghali, lakini unahitaji tone tu. Ulizia maabara za jirani kabla ya kuagiza.