Gari linagonga ukikanyaga mafuta? Sikiliza kwanza, injini ifunguliwe baadaye

Fundi wa haraka akisikia gari linagonga, jibu lake huwa ni hilohilo: injini imenoki, tufungue. Nilishaambiwa hivyo kwa gari ambalo kumbe lilikuwa limechanika mpira wa maunti tu, yaani kishikizo kinachoifunga injini kwenye bodi. Tangu hapo sikubali oveholi kabla sauti haijatenganishwa. Kazi yenyewe haitaki mashine. Inataka masikio, mtu wa kukusaidia na kipande cha barabara kisicho na pilikapilika.

Anza na nati za matairi, zote. Nati iliyolegea hugonga pia, na hiyo haingoji uchunguzi.

Kisha simamisha gari, vuta hendibreki, weka gia huru na upige resi taratibu. Likigonga hapohapo, na mapigo yakaenda kasi kadiri injini inavyopanda, tatizo liko kwenye injini au kwenye vitu vilivyofungwa juu yake. Likinyamaza, usishangilie bado, maana kuna mgongo, yaani mlio wa kugonga, wa injini ambao hausikiki mpaka gari libebe mzigo.

Huo una mlio mkavu na mwembamba, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Utausikia ukipanda mlima kwa gia kubwa, au ukikanyaga mafuta ghafla mwendo ukiwa mdogo. Ukiachia mguu, unakatika. Kinachotokea ni kwamba plagi ikishawasha, sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Pistoni inapata kipigo ambacho haikutengenezewa.

Hapa naanza na kilicho rahisi: petroli. Angalia kitabu cha gari au maandishi kwenye kifuniko cha tanki. Kama wametaka oktani (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka yenyewe) 95 nawe unajaza 91, ngoja tanki likaribie kuisha, jaza inayotakiwa, kisha rudi kwenye mlima uleule kwa gia ileile. Lakini kama gari limetengenezewa 91 na siku zote lilikwenda vizuri, kuongeza oktani ni kuficha ugonjwa. Tafuta kilichobadilika: injini inachemka kupita kiasi, vyumba vya silinda vimejaa masizi, vali ya kurudisha moshi imekwama, mchanganyiko una petroli kidogo mno, au mtu amefunga plagi zisizo za injini hiyo.

Plagi zenyewe zinasema mengi. Zichomoe injini ikiwa imepoa, uitazame ile kaure nyeupe kwenye mwanga mzuri. Ukikuta vitone vidogo vyeusi au vya kung'aa kama vumbi la bati, silinda hiyo imekuwa ikipigwa. Magari ya kisasa yana sensa iliyofungwa kwenye bloku; ikisikia mgongo, kompyuta inachelewesha cheche. Ndiyo maana gari jipya linaweza kuwa na tatizo hili na usisikie kitu, ila tu limekuwa zito.

Mgongo wa kuogopa ni mwingine: mzito, wa chini, ngo-ngo-ngo, unaozidi injini ikishapata moto. Huo mara nyingi ni beringi za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki. Zima, pima oili. Ikiwa imepungua, jaza mpaka alama na usikilize kwa muda mfupi. Sauti ikibaki, gari livutwe, lisiendeshwe hata kwenda gereji ya jirani, kwa sababu konrodi ikikatika hutoboa bloku, na hapo hakuna tena cha kutengeneza.

Fundi makini atachomoa soketi za nozeli (zinazopulizia petroli kwenye silinda) mojamoja injini ikinguruma. Mgongo ukipungua kwa silinda fulani, ameshajua pa kuanzia. Mwambie pia aikate filta ya oili na kuikunjua karatasi yake juani. Chembe za chuma hazijifichi. (Unaponunua gari lililotumika, shuku oili nzito isiyo ya kawaida. Kuna wauzaji wanaoimwaga ili beringi zinyamaze hadi pesa zibadili mikono.)

Sasa upande wa pili, sauti zisizotoka ndani ya injini. Kama unasikia ko! moja tu unapoondoka, au unapotoa gia ya mbele kwenda rivasi, nafikiria maunti kwanza. Fungua boneti, mtu akae ndani, akanyage breki kwa nguvu, aingize gia ya mbele na kuongeza mafuta kidogo tu. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini kujisogeza kidogo ni kawaida. Ya kwangu iliinuka upande mmoja mpaka mpasuko wa mpira ukaonekana, kisha ikadondoka na ule mlio uliokuwa umeitwa injini mbovu.

Mlio wa ta-ta-ta unaokuja ukikata kona huku unakanyaga mafuta ni sivi jointi ya nje, kiungio cha ekseli kilicho karibu na gurudumu. Chungulia kama buti lake, yaani mpira unaolifunika, limechanika na grisi imerukia ndani ya rimu. Gari la kuvuta nyuma, kagua kros za propela, yaani viungio vya shafti inayopeleka nguvu nyuma. Mlio unaotokea ukikanyaga mafuta na ukifunga breki pia, angalia bushi (mipira) za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu. Bati la kukinga joto kwenye ekzosi nalo hutetemeka na kutisha watu bure. Ligonge kwa ngumi ekzosi ikiwa imepoa, utalijua.

Ukienda gereji, usiseme "linagonga" ukamwachia fundi ufunguo. Mwambie ni gia gani, mwendo gani, likiwa la moto au la baridi, kisha mpakie mkaisikie pamoja. Na kama ni maunti, zikaguliwe zote, kwani moja ikichanika zilizobaki hubeba mzigo wake.