Unaunganisha ndege Doha? Usikimbilie launji ya kwanza unayoiona

Watu wanaopitia Doha huniuliza swali moja: "Launji ipi nzuri pale?" Na mimi huwarudishia swali: unafika saa ngapi, na unakaa muda gani? Wengine hudhani nawazungusha. Lakini ubora wa launji, yaani ule ukumbi wa kupumzikia abiria uwanjani, hautulii mahali pamoja. Hubadilika kwa saa, kwa msimu, na kwa idadi ya watu walioruhusiwa kuingia tangu ulipopita mara ya mwisho. Sifa uliyosimuliwa na shemeji yako aliyepita miaka mitano iliyopita huenda leo haipo kabisa, au imehamia launji nyingine upande wa pili wa uwanja.

Nimechagua Uwanja wa Hamad, ndio uwanja wa ndege wa Doha, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakomwagwa. Qatar Airways inachukua watu Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali, na wengi wao hawaendi Doha, wanaunganisha kwenda Ulaya, Marekani au Asia. Uwanja huu ulianza kazi 2014. Kwenye ule wa zamani abiria wa madaraja ya juu walikuwa na jengo lao peke yao, na walipohamishiwa Hamad kila mtu akawa chini ya paa moja, tofauti ikabaki ngazi tu: wewe unapanda, mwenzako anabaki chini.

Upande wa kusini ndiko alipo yule dubu mkubwa wa njano aliyechomekwa taa kichwani. Kila mtu anampiga picha, kila mtu anakubaliana na mwenziwe wakutane hapo. Juu ya maduka yanayomzunguka ndipo ilipo launji ya kwanza ya daraja la biashara, Al Mourjan. Ina ukubwa wa mita za mraba 10,000, bwawa la maji katikati, na mgahawa ghorofa ya juu. Mimi huipenda kwa jambo moja ambalo vipeperushi havilitaji: dari yake iko juu sana, na sauti za watu hazikurudii masikioni. Ukipata kiti cha pembeni, mbali na chakula, unaweza kufanya kazi ya kichwa pale.

Upande wa kaskazini ni mpya. Mwaka 2022, kabla ya Kombe la Dunia, walifungua Orchard, bustani ya miti ya kitropiki iliyopandwa ndani ya jengo chini ya paa la kioo. Mwaka uliofuata ikafunguliwa launji ya pili, Al Mourjan ya bustani, inayoitazama miti hiyo kutoka juu. Hii ina jimu, spa na vyumba vya kujipumzisha. Ukiniambia una muda wa saa 6 na unataka kuoga, kunyoosha mgongo na kufumba macho, nitakupeleka huku bila kufikiri mara mbili. Ukiniambia una saa 1 na nusu na geti lako liko A au B, nitakwambia baki kusini. Kuna treni ndogo ndani ya jengo inayopita juu ya vichwa vya watu kutoka kusini kwenda kaskazini, na watu wakiiona hudhani umbali umekwisha. Haujaisha. Kuna kuifikia, kuisubiri, kushuka, kisha kutafuta ngazi.

Cha ajabu, abiria wengi wa kwetu wenye haki ya kuingia zote mbili hawajui kwamba ya pili ipo. Wanashuka kwenye ndege, wanamwona dubu, wanaona ngazi, wanapanda. Ndiyo maana mwenye muda mrefu huwa namtajia ya kaskazini kwanza.

Sasa suala la nani anaingia, maana hapa ndipo watu wanapoaibika mlangoni. Tiketi ya daraja la biashara haikupi launji moja kwa moja. Qatar Airways ina nauli inayoitwa Business Lite: kiti ni kilekile, chakula ni kilekile, lakini launji haimo. Emirates nao wana nauli yao ya chini ya daraja la biashara, inaitwa Special, na mambo ni yaleyale. Nauli hizi zinapendwa na ofisi zetu kwa kuwa ni nafuu, na wakala anayekukatia hana sababu ya kukueleza ulichokatwa. Soma jina la nauli kwenye tiketi yako kabla hujatoka nyumbani.

La pili huwauma zaidi wenye kadi za wasafiri wa mara kwa mara. Umehangaika kukusanya pointi mpaka ukapanda ngazi, na kadi yako inatambulika katika oneworld, umoja wa mashirika ya ndege ambao Qatar Airways iliingia 2013. Ukisafiri daraja la kawaida, kadi hiyo itakuingiza launji, ndiyo, lakini si Al Mourjan. Doha wametenga kumbi nyingine kwa watu wa kadi, ndogo zaidi na zisizo na mbwembwe. Ukifika Al Mourjan utaelekezwa kwa adabu kubwa urudi ulikotoka. Usibishane. Yule binti wa mapokezi hakutunga sheria hiyo.

Kisha kuna zile za kulipia. Al Maha ni jina utakalokutana nalo, na ukiwa na Priority Pass kwa mfano, yaani kadi ya uanachama ya kuingilia launji, au kadi ya benki yenye huduma ya namna hiyo, unaweza kuingia hata kama tiketi yako ni ya bei ya chini kabisa. Je, inalipa? Piga hesabu ya tumbo lako. Ukikaa saa 2 uwanjani na ulishakula kwenye ndege, unanunua kiti na kahawa kwa bei ya nguo. Ukikaa saa 5 ukiwa na mke na una njaa, chakula cha mgahawani pale chini kinaweza kukaribia bei ya launji, na hapo launji inashinda. Watoto ni hesabu nyingine. Launji nyingi za kulipia hutoza watoto wakubwa, na nyingi huweka kikomo cha muda, mara nyingi saa 3. Uliza kabla hawajapitisha kadi.

Na kama huna kadi wala hela ya kutupa, hujatengwa. Hamad ina vyumba vya utulivu vya bure, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, na viti vya kulaza mgongo. Orchard yenyewe ni ya kila mtu, miti ile haiulizi tiketi. Kuna pia hoteli ndani ya eneo la wasafiri na kituo cha mazoezi chenye bwawa la kuogelea la mita 25, ambacho unalipa na kuingia kuoga na kuogelea bila kuchukua chumba. Kwa anayekaa muda wa saa nane, usiku kucha, naona huo ni ununuzi wa akili kuliko launji.

Nirudi kwenye saa, maana ndilo jambo kubwa. Viwanja kama Doha, Dubai, Addis Ababa na Istanbul vinaendeshwa kwa mafungu. Shirika hupanga ndege kutoka Afrika na Asia zitue karibu wakati mmoja, watu wabadilishane, kisha ndege za Ulaya na Marekani ziondoke kwa pamoja. Ndiyo maana uwanja unajaa kwa saa mbili, kisha unamwagika ghafla. Doha mafungu makubwa ni usiku wa manane na asubuhi. Launji yoyote ya uwanja wa namna hii wakati wa fungu ni Kariakoo mkesha wa Idi: bafu lina orodha ya majina, viti vya kulalia vimetupiwa mablanketi na wenyewe hawaonekani, na wahudumu wanakimbia. Subiri dakika 90, ndege ziondoke, halafu kaa uone.

Kwa hiyo ukiingia wakati wa fungu, nenda mapokezi ya mabafu kwanza uandikishe jina, ndipo utafute chakula. Watu hufanya kinyume. Wanakula, wanashiba, wanakumbuka kuoga, wanaambiwa wasubiri saa nzima. Na usikae kwenye kiti cha kwanza. Viti vilivyo karibu na mlango na karibu na bufee hujaa mapema kwa sababu watu wamechoka, lakini nyuma kabisa mara nyingi kuna nafasi.

Jambo la chakula. Usijaze sahani bufee kabla hujauliza kama kuna cha kuagiza. Launji kubwa siku hizi zina mgahawa wa kuhudumiwa mezani, na chakula cha huko hupikwa sasa hivi. Pia zungumza. Ghuba wamejaa ndugu zetu kwenye huduma. Usiku mmoja nilisema "asante" kwa mazoea, dada aliyekuwa anamimina kahawa akanitazama, akacheka: "Kumbe wa nyumbani! Kaka, hiyo chai ya mfuko iache, nikuletee karak." Ikaja chai ya maziwa yenye hiliki, nzito, ya moto ya kuunguza ulimi, kwenye kikombe kidogo cha glasi. Nilikuwa nimepita mbele ya ile karak mara nyingi bila kujua ni ya kuomba.

Tuje kwenye kuporomoka, maana launji nzuri haidumu bila mtu wa kuilinda. Kuna moja, kampuni na uwanja naviweka moyoni, ambayo mwanzoni nilikuwa nafika mapema makusudi. Sambusa zilikuja kwenye trei ndogo, zikibaki tano sita kijana anazitoa na kuleta nyingine zinazotoa moshi. Baadaye trei ikawa kubwa. Ukiona trei imekuwa kubwa, jua mtu amepunguziwa safari za jikoni. Sambusa zikaanza kukutana na wewe zikiwa baridi, ngozi imelainika. Halafu zikaondoka zikaja biskuti za pakiti. Mara ya mwisho mashine ya kahawa ilikuwa na karatasi ya "samahani, inatengenezwa", na utepe uliogundisha ile karatasi ulikuwa umeshakuwa wa njano.

Sababu hazina uchawi. Kadi za benki zimefungua milango ambayo zamani ilikuwa ya abiria wachache, na launji hulipwa kwa kila kichwa kinachoingia. Vichwa vikiongezeka na viti vikabaki vilevile, mwenye launji anafurahi na wewe unasimama. Chakula nacho mara nyingi hupikwa na mkandarasi, na mkataba unapofanywa upya mtu wa hesabu hutafuta pa kubana. Na kuna ile ya kawaida: launji ikifunguliwa, wakubwa wanapita kila wiki, ikizoeleka, hawapiti.

Mimi hukagua launji kwa dakika tano kabla sijaamua kukaa. Naanza chooni, si kwenye chakula. Choo kikiwa kikavu na sabuni ipo wakati ukumbi umejaa, pana msimamizi. Kisha natazama meza walizoondoka watu: vyombo vichafu vinakaa muda gani? Kisha nachomeka chaja. Launji yenye soketi mbovu tatu mfululizo haijafanyiwa ukarabati, na hutaambiwa na mtu. Maua, picha ukutani na harufu ya mlangoni mimi sivihesabu, hivyo hubaki hata mambo yakishaharibika.

Kwa wanaonipinga kwamba Doha si lolote mbele ya Istanbul au Addis Ababa, sina ugomvi nao sana. Turkish Airlines wanakuchomea pide, mkate wa Kituruki, mbele ya macho yako, na ni kweli chakula cha motomoto kinasahaulisha mengi. Ethiopian Airlines kahawa wanaikaanga na kuimimina kwa taratibu zao za jadi, na mtu wa Afrika Mashariki anapumua vizuri pale. Lakini kwa nafasi, bafu na usingizi, Doha ya kaskazini bado ndiyo ninayoichagua, mradi si saa ya fungu.

Kilichobaki ni kutoka. Usitegemee kuitwa, launji kubwa nyingi hazitangazi ndege, unatakiwa ufuate ubao mwenyewe. Geti likiwa upande mwingine wa uwanja, ondoka mapema kuliko unavyodhani. Na kama unakwenda Marekani, ongeza muda tena, maana getini kuna ukaguzi mwingine wa mizigo ya mkononi na pasipoti, foleni yake haina daraja la biashara la kujivunia, na ile chupa ya maji uliyoibeba launji wanaweza kukunyang'anya.