Kila folda inaonyesha 4096, ila diski imejaa

Swali: Shikamoo fundi. Niko Gerezani, Kariakoo, kwenye duka la vipuri. Kompyuta yetu ya Ubuntu inasema diski imejaa. Nimefuta video za kamera za dukani lakini nafasi haijarudi. Nikiandika ls -l, kila folda inaonyesha 4096. Hizo GB ziko wapi?

Jibu: Marahaba. Tazama mstari mmoja kwenye skrini yako, utakuwa hivi:

drwxr-xr-x 26 duka duka 4096 Mar 3 09:12 risiti

Herufi d ya mwanzo inakuambia hii ni folda. Ile 4096 ni baiti za folda yenyewe, na folda kwa Unix, ukoo wa mifumo ambao Ubuntu inaufuata, ni orodha tu: jina la faili na namba yake. Ni kama leja ya stoo yenu. Ukiiweka leja kwenye mizani hujapima giaboksi zilizoandikwa ndani yake. Kwa hiyo ls imesema kweli, ila kazi yake ni kuorodhesha. Ya kupima ni du, na zote mbili zimo tangu kitabu cha kwanza cha Unix, cha 1971.

Watu wengi huandika du -sh * na hapo ndipo wanapokwama, maana nyota inaruka kila jina linaloanza na nukta. ls nayo huyaficha mpaka uongeze -a. Basi nenda kwenye folda yako ya nyumbani kwa kuandika cd peke yake, kisha:

du -h -d 1 | sort -h

Folda zitapangwa kwa uzito, nzito chini. Mstari wa mwisho kabisa, wenye nukta tupu, ni jumla. Kama ulifuta video kwa kubonyeza kwenye dirisha, natarajia utaona .local imevimba. Kapu la taka limo humo:

ls -lhS ~/.local/share/Trash/files

Hiyo S inatanguliza faili kubwa, na h inaandika ukubwa kwa M na G badala ya msururu wa tarakimu. Ukizikuta video, zisome majina moja moja, hasa kama mna kesi ya wizi inayosubiri ushahidi. Ukiridhika, safisha kapu kwa kubonyeza, usitumie rm: rm haina kapu, ikifuta imefuta. Halafu andika df -h uone nafasi iliyorudi.