Kabla ya kufunga mwamba, muulizeni asiye na ngalawa

Swali la wiki lilikuwa hili: ni wazo gani linalokupa matumaini kwamba tunaweza kuishi vizuri zaidi na dunia hii, na sisi kwa sisi? Langu ni dogo na limeshajaribiwa. Ni kufunga kipande cha bahari kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha kijiji kizima kukifungua pamoja siku moja.

Nanunua na kuuza pweza kusini mwa Unguja. Wengi wanaoniletea ni kina mama wanaotoka na mchokoo, yaani kijiti cha kuchokolea pweza tunduni, maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) yakishakupwa. Wanatembea juu ya mwamba wakitafuta tundu lenye maganda ya kaa na makome mlangoni, kwa sababu pweza akishakula hutupa maganda nje, na mchokoaji mzoefu huyaona maganda kabla hajaliona tundu lenyewe. Pweza wa miamba yetu haishi sana, mwaka na ushee tu, lakini hukua haraka mno. Yule uliyemwacha leo kwa kuwa ni mdogo, baada ya miezi miwili au mitatu ni pweza wa kulisha nyumba. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hukaa tunduni akiyalinda mayai na kuyapepea maji, hali chochote, na yakishaanguliwa hufa. Ukimchokoa kabla ya hapo umeondoka na kizazi kizima.

Wachokoaji wanayajua haya kuliko mimi. Wanamchukua mdogo kwa sababu wakimwacha, mwenzao anayekuja nyuma atamchukua. Hapo elimu ya mazingira haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kukubaliana.

Waliotuonyesha njia ni Wavezo, jamii ya wavuvi, wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwishoni mwa mwaka 2004 walifunga mwamba wao mmoja kwa miezi saba, na walipoufungua vijiji jirani vilitaka kufanya vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia mara 36 ambazo vijiji vya eneo lile vilifunga na kufungua. Katika mwezi uliofuata ufunguzi, uzito wa pweza waliotoka kwenye mwamba uliofungwa ulipanda kwa zaidi ya asilimia 700, na mvuvi mmoja alipata karibu asilimia 90 zaidi kwa siku. Kilichonigusa zaidi ni jambo jingine ndani ya utafiti huo: kipato cha vijiji hakikuporomoka wakati mwamba umefungwa. Kwa kawaida walifunga kama sehemu moja kati ya tano ya eneo lao, na nne zilizobaki watu waliendelea kuzitumia. Huku kwetu nako, Kisiwa Panza kule Pemba na Kizimkazi hapa Unguja ni miongoni mwa vijiji vilivyoufuata mtindo huu.

Nilikuwepo kwenye kikao kimoja cha kijiji ambako jambo hili lilijadiliwa. Kamati ilikuwa imekuja na ramani, na mwamba uliochaguliwa ulikuwa ule wa karibu, kwa kuwa ni rahisi kuulinda. Mlinzi anakaa ufukweni anauona wote. Wanaume wenye ngalawa waliridhika. Akasimama bibi mmoja, mjane, akasema: "Wanangu, nyie mtakwenda mwamba wa nje. Mimi naenda kwa miguu. Miezi hiyo mitatu nitakula nini?" Pakawa kimya. Mwenyekiti akajaribu kumwambia avumilie, faida itakuja. Bibi akajibu kwamba faida haiwekwi sufuriani.

Wakaipindua ramani. Mwamba wa nje, unaofikiwa kwa chombo, ndio uliofungwa, na wa karibu ukaachwa wazi kwa waendao kwa miguu. Ulinzi ukawa mgumu zaidi na mafuta ya boti yakagharimu. Ikakubaliwa pia kwamba siku ya ufunguzi wenye vyombo watawapakia kina mama bila nauli, na sehemu ya mauzo iingie kwenye mfuko wa kijiji. Mimi naamini uamuzi ule ndio uliofanya ufungaji udumu. Yule bibi na wenzake wangefungiwa riziki, wangeingia usiku, na nani angekuwa na uso wa kuwakamata?

Kuna kitu ambacho watu wa miradi hawakitaji sana, nacho ni sisi wanunuzi. Mlinzi anaweza kulala, lakini pweza wa wizi lazima auzwe mahali. Siku mbili tatu kabla ya ufunguzi huwa wanakuja watu na ndoo zilizofunikwa, pweza wakubwa kuliko wote uliowaona mwezi mzima. Huhitaji kuuliza wametoka wapi. Wachuuzi wa upande wetu tumekubaliana kutowagusa, na nawaomba wachuuzi wa kwingine mfanye hivyo. Shinikizo la kampuni zinazopeleka pweza Ulaya nalijua, na bei ya siku hizo nayo inashawishi. Lakini anayenunua pweza huyo anamlipa mtu mmoja kwa jasho la wale waliovumilia wote.

Kufunga mwamba hakutibu kila kitu. Maji ya bahari yanazidi kupata joto na matumbawe yanapauka, na kamati ya kijiji haina uwezo juu ya hilo. Siku ya ufunguzi yenyewe ina hatari yake: umati ukiingia kwa pupa, matumbawe yanakanyagwa na mavuno ya miezi yanaisha kwa bamvua moja. Vijiji vinavyofungua kwa utaratibu, wanaochokoa wakielekezwa wapi pa kupita, vinafaidi zaidi.

Naongeza mfano wa bara ili isionekane ni habari ya wavuvi tu. Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayozuiliwa mvua zinapoanza ili majani yasimame hadi kiangazi. Shinyanga ilikuwa imekatwa misitu kumaliza mbung'o, kisha pamba ikachukua sehemu kubwa ya kilichobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa kuinua desturi hiyo ya wenyeji, sungusungu wakilinda, na miti mingi ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Wakati ule ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Lakini huko nako swali la yule bibi lilikuwepo. Ngitili za watu binafsi ziliwanufaisha zaidi wenye ardhi na mifugo mingi. Asiye na ng'ombe alitegemea ngitili za kijiji na za shule kwa kuni, dawa na nyasi za kuezekea. Pale za kijiji zilipobanwa, yeye ndiye aliyebaki nje.

Kwa hiyo matumaini yangu yana sharti. Kila kamati ya bahari, ya msitu au ya malisho ianze kikao kwa kuwataja watu watakaokosa kitu kuanzia siku ya kwanza, iandike kwenye muhtasari watasaidiwaje, ndipo ramani ifunguliwe. Na wenyewe wawepo kikaoni, wasisemewe.

Kuna moja bado halijatukalia sawa: mgonjwa au mzee asiyeweza kufika mwambani siku ya ufunguzi. Mfuko wa kijiji unampa kitu, lakini kinachelewa, na wengine wanaona haya kukidai. Wasomaji wa Mafia, Kilwa, Lamu na Pemba, kama kwenu mmepata utaratibu unaomfikia mtu huyo bila yeye kuomba, naomba muuandike hapa wiki ijayo. Nitaupeleka kwenye kamati kabla hatujapanga ufungaji unaofuata.